Timu ya wasichana ina pumzi ila spidi na wepesi wa kugeuka hakuna, nianzie wapi?

Mwl_Kipenga

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku mkoani Morogoro, nasimamia timu ya mpira wa miguu ya wasichana, wengi wapo form two na form three, tunajiandaa na UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Niende kwenye hoja moja kwa moja. Hawa mabinti pumzi wanayo ya kutosha, asubuhi tunazunguka uwanja raundi nyingi tu, jioni tunacheza, na mechi wanamaliza bila mtu kushika kiuno. Shida ipo kwenye mbio fupi. Ukipigwa mpira mrefu nyuma ya mabeki wetu, beki wangu na mshambuliaji wao wanaanza sawa kabisa bega kwa bega, hatua tatu nne za kwanza tu mwenzake keshamwacha, baada ya hapo lile pengo haliongezeki wala halipungui, wanakwenda hivyo hivyo mpaka golini. Lingine ni kugeuka. Fulubeki wangu wa kulia akipigwa chenga ya kurudi ndani yeye bado anateleza kwenda nje, anaongeza hatua tatu au nne ndio anasimama, mpaka ageuke krosi imeshapigwa.

Nimefunga ngazi ya kamba ya kulaza chini wapite kwa hatua za haraka, koni natumia chupa za maji nimejaza mchanga, na kwenye ngazi wako vizuri kweli, miguu inakwenda chapuchapu mpaka wanafunzi wengine wanasimama kuangalia. Ila mechi ikianza sioni badiliko lolote. Naomba mnisaidie, spidi inafundishika au mtu anazaliwa nayo? Ngazi inasaidia nini hasa? Na zile raundi za asubuhi niendelee nazo au niziache? Uwanja wetu wa vumbi, upande mmoja una kamlima kuelekea madarasani, vifaa nilivyonavyo ni filimbi na simu. Bajeti hakuna kwa hiyo naomba tusitajiane vitu vya dukani.

MzeeWaSpaiki

Mwalimu hongera kwa kazi, na umeeleza vizuri, jibu la nusu ya swali lako umeshalitoa mwenyewe. Pengo linatokea hatua tatu nne za kwanza halafu linabaki lile lile. Maana yake kwenye mbio ya juu hao mabinti hawaachwi, wanaachwa kwenye kuondoka. Hapo ndipo pa kuweka nguvu.

Kuhusu zile raundi. Spidi inafundishwa mwili ukiwa haujachoka, hili makocha wengi wa mpira hawalitaki kabisa kwa sababu wamezoea kuona jasho. Akiba iliyomo kwenye msuli inayotumika kufyatuka ni ya sekunde chache tu, ikiisha inataka dakika kadhaa irudi. Ukimrudisha mtoto kwenye mstari huku bado anahema atakimbia ndio, lakini ile ni pumzi, sio spidi tena, na mwili unajifunza kile unachofanya mara nyingi. Makocha wa mbio fupi wanatumia kanuni rahisi, kila mita 10 za kukimbia kwa nguvu zote mpe mtu kama dakika moja ya kupumzika, kwa hiyo mita 20 dakika mbili. Najua mkuu wa shule akipita akakuta watoto wamesimama atadhani mnapiga soga, mueleweshe tu. Wagawe makundi, kundi moja likimbie, jingine lipige pasi taratibu pembeni, wakibadilishana hutaona muda unapotea.

Sasa kuondoka kwenyewe. Mwangalie beki wako kwa pembeni anapoanza, nina uhakika utaona mojawapo ya vitu viwili, ama anasimama wima hatua ya kwanza tu, ama anainama kiunoni kifua kikaenda chini matako yakabaki nyuma. Vyote viwili vinaua nguvu. Unachotaka ni mwili mzima uwe mstari mmoja kuanzia kisigino mpaka kichwa, ulale mbele, halafu mguu usukume ardhi kwenda NYUMA. Watoto wengi wanatupa mguu mbele wakidhani hatua ndefu ndio mbio, mguu unatua mbele ya mwili na hapo unakuwa breki. Mwambie neno moja tu, sukuma. Usimpe maelekezo matano kwa mara moja, atakimbia anafikiria. Na mikono ifanye kazi, kiwiko kiende nyuma kwa nguvu, mikono ikilegea na miguu inalegea.

Hako kamlima ndio jimu yako. Mkimbilie mita 10 mpaka 15 kupanda, mteremko usiwe mkali, mlima wenyewe utamlazimisha mtu alale mbele na asukume, utafundisha nusu ya haya bila kuongea. Kushuka watembee, kwenye vumbi kukimbia kushuka ni kutafuta balaa. Baada ya hapo rudi tambarare, waanze kwa namna tofauti tofauti, mmoja amelala kifudifudi, mara ameegemea goti moja, mara amegeuzia mgongo kule anakokwenda, maana kwenye mechi hakuna anayeanzia kwenye mstari. Na wakimbie WAWILI WAWILI wenye uwezo wa karibu wakigombea mpira. Mtoto akikimbia peke yake hatatoa yote hata umpigie makelele kiasi gani. Jumla kwa siku isizidi mita 150 mpaka 200 za nguvu zote kwa kuanzia. Ukiona mbio zimeanza kupungua, simamisha hapo hapo hata kama mpango wako haujaisha.

Mtu asikutishe na mambo ya mbio ya juu kabisa kwa sasa. Bolt pale Berlin 2009 alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, spidi yake kubwa kuliko zote aliifikia kati ya mita 60 na 80, ni zaidi ya kilomita 44 kwa saa. Nani kwenye mpira anapata mita 60 za peke yake? Kuna utafiti wa mabao ya ligi kuu ya Ujerumani uliotoka 2012, waliangalia mfungaji alikuwa anafanya nini sekunde chache kabla ya bao, kilichoonekana zaidi kuliko vyote ni mbio ya moja kwa moja, asilimia 45 ya mabao. Nyingi kati ya mbio za mpira ni mita 20 au pungufu.

Kipaji_Kwanza

Mi naona mnamchosha mwalimu. Spidi ni damu, mtoto mwenye mbio unamuona toka darasa la tatu. Mwalimu panga mashindano ya mita 30 shule nzima, madarasa yote, hata wale wa netiboli na wasiocheza kitu, chukua kumi wa kwanza uwafundishe mpira. Punda hafundishwi akawa farasi.

MzeeWaSpaiki

@Kipaji_Kwanza hoja ya mashindano ya shule nzima naiunga mkono, mwalimu afanye hata wiki hii, shule nyingi zina binti mwenye mbio ambaye hakuna aliyewahi kumwita uwanjani. Na ni kweli kuzaliwa nako kuna sehemu yake kubwa. Lakini hatumtafutii nafasi ya Olimpiki huyo beki, tunamtafutia nusu mita ile anayoachwa hatua tatu za kwanza, na nusu mita kwa mtoto ambaye hajawahi kufundishwa kukimbia inapatikana. Mwalimu wa hisabati akipata mtoto wa wastani hasemi hana damu ya hesabu, anamfundisha.

RagaRift

Salamu kutoka Nakuru. Mimi nafunza raga, wavulana na wasichana wa high school, na hii shida ya fulubeki ndio inanifanya niandike juu ni kitu naona kila term.

Kwanza hiyo ngazi. Si mbaya, weka kwa kupasha misuli dakika tano watoto wachangamke. Lakini angalia vizuri vile mtu anafanya kwa ngazi, anaangalia chini, anajua mguu unaenda wapi, hakuna mtu mbele yake na mwili hauna spidi yoyote ya kusimamisha. Kwa mechi yote iko kinyume. Jeremy Sheppard na Warren Young waliandika 2006 kwamba wepesi ni mwili mzima kubadilisha mwendo ama mwelekeo kwa haraka KWA SABABU ya kitu fulani kimetokea, na mimi hiyo ya mwisho ndio nashikilia sana. Kama hakuna kitu cha kuona na kuamua, unafunza kugeuka tu. Kugeuka ni lazima kufunzwe, sikatai, lakini kazi haiishi hapo.

Kwa hivyo fulubeki wako anaweza kuwa na shida mbili tofauti na lazima ujue ni gani. Ya kwanza ni breki. Ya pili ni macho. Kujua ni rahisi, mwambie akimbie mita 10 apite chupa, aendelee mita 5 mpaka chupa ingine, ageuke arudi hizo mita 5. Hakuna mtu mbele yake. Kama hata hapo anateleza hatua tatu ndio asimame, hiyo ni breki. Kama hapo anageuka safi lakini kwa mechi anachelewa, basi anachelewa kuona.

Breki inafunzwa hivi. Kusimama hakuanzi kwa mguu wa mwisho, kunaanza hatua mbili tatu kabla. Hatua zinakuwa fupi, makalio yanashuka, na ule mguu wa pili kutoka mwisho ndio unafanya kazi kubwa, mguu wa mwisho unabaki na kazi ya kukusukuma kule unataka kwenda. Mtoto mwenye hajafunzwa anakuja na hatua ndefu, mwili wima, halafu anapanda mguu mmoja umenyooka kabisa goti likachukua kila kitu. Anza na kutembea, halafu jogi, halafu nusu spidi, wakimbie mita 5 wasimame kwa mstari na watulie hapo, goti limekunjwa, kifua juu ya goti, hakuna kuyumba. Ukiona anayumba usiongeze spidi. Watu wanaharakisha hapa na ndipo magoti yanaharibika.

Macho sasa. Kocha wengi wanashout rangi, nyekundu! bluu! na mtoto anakimbilia koni. Ni afadhali kuliko kitu hakuna, lakini kwa mechi hakuna mtu atashout rangi, winga anakuambia na kiuno chake. Kwa hivyo weka mtu kwa mtu. Weka chupa mbili pana kama mita 6, mshambuliaji ana mpira anajaribu kupita kati yao, beki anamzuia, sekunde tano imeisha, pumzika, badilisha. Mfunze beki aangalie kiuno na mapaja, sio mpira wala uso, mabega na kichwa yanaweza kudanganya lakini kiuno kikienda mtu ameenda.

Na usisahau ule mchezo wa watoto, wawili wako pande mbili wanarusha mpira, mmoja wa kati anakwepa. Huku tunaita kati. Mimi naweka kama sehemu ya mazoezi kabisa, mtu anaona mkono wa mrushaji, anaamua, anasimama, anageuka upande wa pili maana mpira unarudi. Kila kitu iko hapo ndani.

Na huyo ndugu anasema spidi ni damu, Omanyala, mkimbiaji wetu wa Kenya, alikuwa mchezaji wa raga kabla aende mbio, na 2021 hapa Kasarani akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Hata yeye kipaji kilitafutiwa kocha.

Mwl_Kipenga

@RagaRift asante sana, huku ni rede hiyo! Na hawa mabinti wangu wote wamekulia kwenye rede, wanatengeneza mpira wa soksi kuukuu wenyewe. Sikuwahi kufikiria kuiingiza kwenye mazoezi. Leo jioni nimempima fulubeki kwenye zile chupa, ni breki, hata bila mtu mbele yake anapitiliza. Na goti lenyewe likitua linaingia ndani kuelekea goti la pili, hilo ni tatizo au ndio maumbile?

Dada_Fizio

Mwalimu nimesoma hiyo ya goti kuingia ndani nikasema lazima nijibu. Ni tatizo, ndio, na usilipuuze. Wasichana wanaumia kano za ndani ya goti zaidi ya wavulana wakicheza mchezo ule ule, na nyingi zinachanika bila kuguswa na mtu, kwenye kusimama ghafla, kugeuka au kutua baada ya kuruka, goti likiwa limeingia ndani hivyo hivyo. Mimi ni mfiziotherapia, mabinti wa umri huo wanaletwa wakiwa hawawezi kukanyaga, na wengine ndio huwa mwisho wa mpira wao, inaniuma kwa sababu nyingi ya hizi zinazuilika.

Huhitaji kitu cha dukani. Kuna programu ya kupasha mwili ya FIFA inaitwa 11+, inachukua kama dakika 20, ina kukimbia, kuchuchumaa, kusimama mguu mmoja, kuruka na kutua, kugeuka. Ilijaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 mpaka 17, matokeo yakatoka 2008, timu zilizoifanya majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Umri wa mabinti zako kabisa. Video zake zipo mtandaoni bure. Hiyo ndio iwe kupasha kwenu kila mazoezi badala ya kuzunguka uwanja, na mkikaribia mechi punguza tu ile sehemu ya mazoezi ya nguvu.

Huyo fulubeki wako mfanyie hivi. Aruke kutoka kwenye tofali moja atue kwa miguu miwili mbele yako, wewe usimame mbele uangalie magoti tu. Yaelekee vidole vya miguu, yasigusane. Atue kimya, vumbi lisiruke. Akiweza, mguu mmoja. Asipewe drili ya kugeuka kwa spidi yote mpaka hapo pakae sawa.

Pili nyama za nyuma ya paja. Mkianza mbio za nguvu zote kwa watoto waliozoea jogi tu, hizo ndizo zitakazovutika kwanza. Kuna zoezi moja, mtu anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu nyuma, anajiachia mbele polepole mwili umenyooka, anapinga mpaka inamshinda anadaka kwa mikono. Tafiti nyingi zimejumlishwa zikaonyesha linapunguza majeraha ya nyama hizo karibu nusu. Lakini anza na mara tatu nne tu kwa binti, seti moja au mbili, mara moja kwa wiki, maana kesho yake watatembea kama wazee na wakikukatia tamaa hapo hutawapata tena. Usifanye siku mbili kabla ya mechi.

Kingine hakijatajwa hapa na mimi naona ni kikubwa kuliko drili zote. Wamekula? Binti wa kutwa aliyetoka nyumbani alfajiri na chai kavu, saa kumi jioni unamwambia afyatuke kwa nguvu zote, nguvu zenyewe anazitoa wapi. Hata uji au viazi viwili saa nane vinabadilisha mazoezi yote. Na kama kuna anayechoka haraka kuliko wenzake kila siku na anasema kizunguzungu, mpeleke zahanati apimwe damu, upungufu wa damu kwa mabinti wa umri huo upo mwingi na hakuna kocha anayeweza kuutibu kwa filimbi.

Mwl_Kipenga

Dada umenigusa kwenye chakula, ni kweli wengi ni wa kutwa, kesho naongea na mpishi na wazazi tuone uji. Swali langu la mwisho wakuu, nipangeje wiki, mechi zetu za kirafiki ni Jumamosi, na nitajuaje kwamba wanaongezeka maana kwa macho naweza kujidanganya.

MzeeWaSpaiki

Jumapili pumziko. Jumatatu mpira mwepesi na lile zoezi la paja alilosema dada. Jumanne ndio siku ya kuondoka, kupasha kwa 11+, kisha kamlima, kisha tambarare wawili wawili, mkimaliza ndio mpira. Spidi ije KWANZA, usiiweke mwisho wamechoka. Jumatano mechi ndogo ndogo nne kwa nne, humo ndimo pumzi yao itakaa, kwa hiyo zile raundi za asubuhi ziache kabisa, walale. Alhamisi breki na macho, kazi za RagaRift, na rede. Ijumaa kidogo tu, mbio tatu nne za mita 10 waamke, waende nyumbani. Baada ya wiki kadhaa, Jumanne ongeza mbio mbili tatu za kupanda spidi taratibu mita 20 halafu mita 15 za nguvu zote, kwa sababu aliyezoea kufika mbio ya juu nyama zake haziumii hovyo siku mechi ikimlazimisha.

Kupima, usitumie kidole na saa. Hata kwenye mita 100 saa ya mkono inatofautiana na ya umeme kwa kama sekunde 0.24, na kwenye mita 10 wewe unatafuta tofauti ya 0.1 tu, kidole kitaimeza yote. Weka simu pembeni juu ya jiwe, mbali kidogo ili mwanzo na mwisho wa mita 10 vyote vionekane, rekodi video. Halafu isogeze picha moja moja, anza kuhesabu pale mguu wa nyuma unapoachia ardhi, ishia kifua kinapofika kwenye chupa. Video ya kawaida ina picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo picha moja ni kama 0.03, na ukiwa na simu yenye mwendo wa polepole ni bora zaidi. Kila ukipima jiwe liwe pale pale, watoto wawe wamepumzika, na viatu ni vile vile, aliyepima na raba asije kupimwa peku. Mpe kila mmoja mbio tatu, andika iliyo bora. Rudia baada ya wiki nne, kila wiki hutaona kitu.

RagaRift

Naongeza kwa hapo kwa kupima, ile ya 10 kwenda na 5 kurudi pima miguu YOTE miwili, ageukie kulia kisha kushoto, na uandike kila upande peke yake. Wengi wana upande mmoja mzuri na mwingine mbovu kabisa, na mawinga wanaugundua haraka kuliko kocha. Huyo fulubeki wako cheki kama akigeukia kushoto ndio anapitiliza, kwa fulubeki wa kulia huko ndiko ndani.

Mwl_Kipenga

Nimecheki video ya jana, kulia anageuka kwa hatua mbili, kushoto nne. Kumbe ndio maana wanamrudisha ndani kila mara. Jumanne tunaanza na tofali.